Muulize Yaya: Mfadhili ameleta mashine, mazutu nani atalipa?

Jambo yenu wasomaji. Mwezi huu karibu barua zote zilizoingia ni za jambo moja, hospitali za kwetu kwetu, zile zilizoanza kama santre (kituo cha afya) ya vyumba vitatu halafu kanisa ama wazungu ama watoto wetu walio ng'ambo wakaleta pesa, ukuta ukapanda, sasa kuna maternite, kuna labo, kuna bloku ya upasuaji, na watu wanajiuliza nani analipa nini. Wengine mnajua nilikaa miaka mingi kwa biro ya jestioneri, msimamizi wa pesa, wa santre moja hapa Bukavu kabla sijaanza kuandika, kwa hiyo hizi hesabu nazijua. Majina ya hospitali nimeyatoa yote, sitaki mtu apate shida kazini juu ya barua.

Yaya, jambo. Mie niko mama wa Cimpunda. Lopitali ya kwetu bameijenga upya, kwa mulango kuko libao yenye drapo ya inchi ya wazungu, siku ya kufungua bakubwa balikuya, bakasema hii yote ni zawadi. Sasa binti yangu amezala pale mwezi ulipita, muzuri kabisa, mutoto muzima, lakini siku ya kutoka banamuletea faktiri. Kama ni zawadi, tunalipa nini tena? Ao kuko mutu anakula?
Mama wa Cimpunda

Mama, kwanza hongera ya mjukuu.

Libao halidanganyi, ila halisemi yote. Pesa ya mfadhili karibu kila mara inatoka kwao ikiwa imeshaandikiwa kazi: hii ya jengo, hii ya vitanda, hii ya mashine, hii ya formasio ya wauguzi. Kuihamisha toka mstari huu kwenda mstari ule ni barua na sahihi na kungoja. Na mstari ambao wengi hawapendi kabisa kuujaza ni ule wa mshahara, wanasema hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli ni kazi ya Serikali. Sasa nenda santre yoyote ya Kadutu uulize wauguzi ni wangapi wanapokea mshahara wa Serikali, utakuta wengine wamezeekea pale na hata namba ya matrikile, ile ya mtumishi wa Serikali, hawana, wanaishi kwa prime tu, yaani posho ya hospitali, na prime inatoka wapi mama? Inatoka kwenye hiyo faktiri. Muuguzi aliyekaa na binti yako usiku, glavu alizovaa, javeli ya kuosha meza, mlinzi wa mlangoni, mazutu (dizeli) ya jenereta pale SNEL, shirika la umeme, ilipokata, vyote hivyo havina libao. (Na hii ya SNEL kila nikiifikiria naudhika, bwawa la Ruzizi liko hapa hapa tunalitazama, limejengwa toka 1959, na bado mama anazaa kwa tochi ya simu.)

Lakini usiseme zawadi haikufanya kitu. Uliza ile bei aliyolipa binti yako ilikuwa ngapi kabla ya mradi, maana mfadhili akishalipia jengo na vifaa na dawa za mwanzo, hospitali inaweza kushusha bei kwa sababu haina deni la kuta. Kama bei imebaki palepale ama imepanda baada ya zawadi, hapo sasa una haki ya kuuliza kwa sauti.

Kuhusu kula, sikatai inawezekana, na njia ya kujua si kelele. Tazama ukutani karibu na kasa, pale pa kulipia, orodha ya bei inatakiwa kuwa imebandikwa pale, kubwa, mtu asome bila kuomba. Halafu uliza kama wanatoza forfe ama kila kitu na bei yake. Forfe ni bei moja ya kuzaa, ndani yake kuna kila kitu, ukitoka unajua. Ile nyingine kila sindano inaongeza mstari, mtu anaingia na hesabu hii anatoka na hesabu ile, na hapo ndipo wizi mdogo mdogo unapata pa kujificha. Na risiti, mama, usiache kuchukua risiti yenye muhuri, pesa isiyo na risiti haijaingia hospitalini, imeingia mfukoni mwa mtu.

Kuna watakaosema mbona kuzaa ni bure siku hizi. Mpango wa uzazi bure ulianza Kinshasa Septemba 2023, na maana yake ni kwamba Serikali ndiyo inairudishia hospitali pesa ya kila mama. Hospitali isiyo ndani ya mpango, ama isiyorudishiwa, itakupa faktiri tu. Na hapa kwetu, toka Februari 2025 vita ilipoingia mjini na benki zikafunga, hata pesa iliyokubaliwa kwenye karatasi kuifikisha mkononi imekuwa safari.

Neno la mwisho kwako: kama siku ile binti yako hangekuwa na pesa, asingejificha wala kukimbia kupitia dirisha, angeuliza huduma ya sosial, wanaoshughulikia wasio na pesa. Wamama wanakalishwa wodini wiki nzima na mtoto mchanga juu ya deni, wakiendelea kutumia kitanda ambacho mwingine anakihitaji, yaani hata kwa hesabu kavu ya jestioneri haina faida. Mimi naona mfadhili anayejenga maternite bila kuweka kasanduku kadogo ka wasio na kitu amejenga nusu.

Yaya, mimi ni muuguzi Bagira. Kuna kanisa la ng'ambo limetuandikia kwamba linatuma kontena ya vifaa vya hospitali, vitanda, kuveze za kutunzia watoto njiti, mashine za oksijeni, dawa. Docteur wetu amefurahi sana lakini mimi nina wasiwasi, mara ya mwisho tulipata vitu ambavyo mpaka leo viko depo. Tukatae? Tukikataa hawatarudi tena.
Muuguzi wa Bagira

Mdogo wangu, wasiwasi wako ni wa mtu anayejua depo. Kila hospitali ina ile chumba, unafungua mlango unakuta kuveze ya kisasa imejaa kompresi na vitabu vya zamani, kifuniko cha plastiki kimepata rangi ya njano, waya umekatwa mtu akatumia kwa pasi.

Msikatae, andikeni. Jibuni leo, kabla kontena haijafungwa, mseme asante na muombe orodha yote, kitu kwa kitu, na mwaka wa kila mashine. Cha kwanza kuangalia ni umeme. Mashine ya Marekani imezoea volti 110, sisi hapa ni 220, ukiichomeka bila transfo inalia mara moja halafu harufu, basi. Zingine zinataka pia hezi 60 na sisi tuko 50, na transfo ya kawaida hiyo haitibu. Wakisema wataleta na transfo, waulize transfo ikiungua ingine inapatikana wapi, maana butike za Nyawera zina mengi lakini si yote.

Cha pili, hiyo mashine ya oksijeni, konsantrateri. Hiyo naipenda kweli, kwa sababu inavuta hewa ya chumba na kutoa oksijeni bila nyinyi kuhangaika na chupa za kupandisha mlima kwa mgongo wa mtu. Lakini ina mdomo. Nyuma yake kuna kachujio ka sponji, vumbi letu la kiangazi linakajaza haraka, kila wiki katolewe, kaoshwe kwa maji na sabuni, kakauke kabisa ndipo karudi. Kuna kachupa ka maji ka kulainisha hewa, maji yawe safi na yabadilishwe kila siku. Umeme ukishuka inaanza kupiga alamu, na mtoto wa nimonia hawezi kungoja SNEL. Kwa hiyo konsantrateri moja yenye stabilizeri, betri ya sola inayoishika usiku na saturometa ya kupima oksijeni ya damu kwa kidole inafaa kuliko nne zilizokuja uchi. Mwambieni mfadhili hivyo hivyo, tupunguzie mashine tuongezee betri. Wengi wanakubali, hakuna aliyewahi kuwaambia tu.

Kuveze mimi ningeziacha, samahani kwa docteur. Toka 1978 kule Bogotá waganga walipokosa kuveze za kutosha walianza kumfunga mtoto njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu, na leo OMS yenyewe, shirika la afya la dunia, inashauri njia hiyo kwa watoto waliozaliwa wadogo. Inahitaji kitenge, kiti cha kuegemea, chumba chenye joto na muuguzi mwenye subira. Ombeni mfadhili alipie chumba cha kangaruu na chakula cha mama kwa zile wiki anazokaa, maana mama mwenye njaa atatoroka na mtoto wa kilo moja na nusu, nimeliona.

Dawa, sheria za OMS za msaada wa dawa ziko wazi: zikifika ziwe bado na mwaka mmoja angalau kabla ya kuisha, na maandishi yawe ya lugha ambayo nyinyi mnasoma. Dawa zenye miezi mitatu si msaada, ni kazi ya kuchoma takataka.

Habari Yaya, mie ni mwanafunzi wa ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Swali fupi. Bukavu tuna hospitali ya Panzi, tuna hospitali ya provensi, wafadhili wanajulikana pale, kwa nini wasiweke pesa zote pale pawe pakubwa kuliko kuzisambaza kwenye vihospitali vya kata?
Msomaji wa Ibanda

Swali fupi lakini jibu halitakuwa fupi, vumilia.

Panzi yenyewe unajua ilianzaje? Docteur Mukwege, mwanzilishi wake, alikuwa Lemera, kule juu ya bonde la Ruzizi, hospitali ile ikashambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Alipoanza upya Panzi, na kanisa la CEPAC na msaada wa Waswidi wa PMU, shirika la misaada la makanisa yao, mpango ulikuwa maternite, sababu wamama wa kule juu walikuwa wanakufa njiani kutafuta bloku mjini. Yaani Panzi ilikuwa hospitali ya kata! Ilifungua 1999, na vita ikaigeuza kuwa ile dunia inayoijua, ya kuwatibu wamama waliobakwa, mpaka Nobel ya amani ya 2018. Wafadhili wakaja wengi kwa sababu kazi ilikuwa tayari inafanyika.

Sasa wazo lako la kuweka vyote pahali pamoja, tuliweke barabarani. Saa saba ya usiku, mama yuko Cimpunda juu kabisa ama Bagira nyuma, amezaa, damu haikati. Damu ya namna hiyo inaweza kumaliza mtu ndani ya saa mbili. Mume anatafuta pikipiki, motari anayeiendesha anaogopa kutoka usiku, na tangu mji ubadilike mikono anaogopa zaidi, wakimpata mvua imenyesha na ile njia ya udongo imekuwa sabuni. Wanafika hospitali kubwa, na pale wako wengine kumi wametumwa toka kila kona. Ukubwa wa jengo la mwisho haumsaidii aliyefia katikati.

Ndiyo maana nchi imegawanywa kwa zoni za afya, kila zoni na hospitali yake ya jumla ya rufaa na santre zake zinazoizunguka, magonjwa ya kawaida yaishie karibu na kwao, na ile hospitali kubwa ibaki na mambo magumu. Mfadhili akisaidia hospitali ya kata kufanya vitu vinne vitano tu, sezariene (kuzalisha kwa kupasua), damu, oksijeni, ekografi (picha ya tumbo) na labo inayoaminika, Panzi na hospitali ya provensi zinapumua.

Na wewe wa ISTM nikuambie kitu ambacho hakiko kwenye picha za uzinduzi. Bloku haifunguliwi na meza ya upasuaji. Inafunguliwa na muuguzi mmoja aliyefundishwa kumlaza mgonjwa usingizi wa upasuaji, na frigo. Damu inakaa kati ya digrii 2 na 6, oksitosini ya kuzuia mama asivuje inataka 2 mpaka 8, umeme ukikatika mchana mzima na frigo ikipata joto unabaki na kachupa kanaitwa dawa lakini kameshakuwa maji. Nimewahi kuona frigo ya namna hiyo yenye Fanta ya stafu ndani, kila mtu anafungua akitaka kunywa, na kipimo cha joto kiko pale kinaonyesha 14 na hakuna anayekitazama. Kwa hiyo mfadhili akikuuliza hospitali ya kata inataka nini, frigo ya sola na daftari la joto linaloandikwa asubuhi na jioni, halafu umtume muuguzi wako mmoja akajifunze usingizi miaka yake yote na mumwekee mkataba wa kurudi. Mkataba, nakazia, la sivyo akimaliza tu ONG, shirika la misaada, inamchukua.

Bonjour Yaya, niko Ubelgiji, nilizaliwa Kadutu. Tumechanga hapa na ndugu, tunataka kusaidia hospitali ya kata ya nyumbani. Wengine wanasema tununue ambulansi. Wewe ungefanya nini?
Mtoto wa Kadutu

Kaka, ambulansi ni nzuri kwa picha. Itafika, itahitaji shofa, mafuta, matairi, na nusu ya Kadutu haipandi. Kabla hujanunua chochote mpigie jestioneri, si docteur peke yake, muombe hesabu ya miezi sita: wanaingiza ngapi, wanatoa ngapi, nini kinawakatisha. Nina hakika utasikia mazutu, reajenti (dawa za kupimia) za labo, na fundi. Fundi wa mashine kulipwa mwezi kwa mwezi, mwaka mzima, ni pesa ndogo kwenu na mashine zote za mfadhili mwingine zinabaki hai. Hakuna atakayeandika jina lenu ukutani kwa hilo, mkubaliane kabisa kabla.

Na tumeni kidogo kidogo, msitume yote siku moja.

Yaya, mimi ni memba wa CODESA, kamati ya wananchi ya afya. Mradi wetu unaisha mwaka ujao. Ulilipa prime, dawa, na nusu ya faktiri ya wamama. Wagonjwa wameongezeka sana kwa sababu ya bei, tumeongeza hata vitanda. Mradi ukiondoka tunafanya nini? Watu wanasema mfadhili mwingine atakuja.
Papa wa CODESA

Papa, heshima yako, hiyo ya mwisho iondoeni kwenye mkutano. Tuliona 2025. Januari 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai mosi USAID yenyewe ikawa imefungwa. Mwaka uliotangulia, 2024, karibu asilimia 70 ya pesa ya msaada wa kibinadamu Kongo ilitoka kwao. Huku Kivu tukaanza kukosa hata pakiti za PEP, zile dawa ambazo mtu aliyebakwa anatakiwa azipate ndani ya saa 72 asiambukizwe sida (ukimwi), na ilikuwa wakati wa vita, wakati zinahitajika kuliko siku zote. Mradi mzuri, uliofanya kazi nzuri, ulikatwa kama waya. Na pesa ya kwetu wenyewe? Marais walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, na nyinyi mnaokaa kwenye CODESA mnajua kinachofika zoni ni nini.

Nyinyi mna mwaka, wengine hawakupata hata wiki. Nendeni kwa mfadhili sasa hivi, si mwezi wa mwisho, mumwambie asikate kwa mkupuo. Kama analipa nusu ya faktiri, baada ya miezi michache alipe theluthi, halafu robo, na mwangalie wagonjwa wanapungua lini. Ile bei ambayo watu wanaanza kutokuja ndiyo bei yenu ya ukweli, na mtaijua wakati bado kuna wa kuwashika mkono. Prime hivyo hivyo, wauguzi waambiwe mapema, kwa maandishi. Muuguzi akishtukizwa anaanza kuuza dawa kwa mlango wa nyuma, na siwezi hata kumlaumu sana ana watoto.

Halafu kateni ndani ya mapato ya kila mwezi kitu cha matengenezo, hata kidogo, kiwekwe kwenye akaunti yake, sahihi mbili, na ya CODESA iwe moja. Watakuambia hakuna cha kukata. Kama hakuna cha kukata leo mradi unapolipa nusu, kesho kutakuwa na nini?

Mituele ya afya mnaijua, BDOM, ofisi ya afya ya jimbo Katoliki, hapa Bukavu wamezifanya miaka na miaka na sheria yake ipo toka 2017. Familia inalipa mchango wa mwaka, mtu akiugua mituele inalipa sehemu kubwa na yeye anamalizia. Shida yake ni kwamba watu wanajiunga wakiwa tayari wagonjwa, na hapo kasa inakufa. Kwa hiyo anzeni na vikundi vilivyopo, likelemba (vikundi vya kuchangiana kwa zamu) za wamama wa soko la Kadutu, motari na chama chao, walimu wa shule ya parokia, waingie kwa kundi zima, wazima na wagonjwa pamoja. Muombe mfadhili pesa ya mwaka wa mwisho ailipie mituele mchango wa zile familia ambazo CODESA mnazijua hazina kitu kabisa, badala ya kulipa faktiri. Inafanya kazi ileile lakini inaacha kitu nyuma yake.

Na vile vitanda mlivyoongeza, papa, hesabuni upya ni vingapi mnaweza kuvilipia muuguzi wa usiku. Vya ziada vifungeni mapema, mkifunga nyinyi wenyewe mnachagua wodi ipi. Mkutano wenu na mfadhili ukishapita niandikie alijibu nini, nitaweka jibu lake hapa hapa bila jina.